Pikipiki Iliyokataa Injini ya Bajaj

Kila aliyeiona alitoa ushauri uleule: tupa injini hiyo, weka ya Bajaj. Ushauri wenyewe haukuwa wa kijinga. Hapa Bwaise, bondeni kaskazini mwa Kampala, pale Barabara ya Bombo inapokutana na Northern Bypass, injini ya Bajaj Boxer unaipata kabla chai yako haijapoa. Yupo anayeuza silinda tu, yupo wa krenki, yupo wa kabureta, na kwenye kila stendi ya boda hakosekani kijana anayeweza kuifumua injini nzima na kuifunga tena huku simu ameibana begani. Dereva wa boda anadaiwa mkopo wa pikipiki yake kila wiki. Pikipiki ikilala, deni halilali. Kwa hiyo fundi wa Bwaise amezoea kupimwa kwa swali moja: itatoka leo?

Hii haikuwa na mkopo wala haraka. Ilikuwa BSA Bantam, modeli ya D1, ya miaka ya 1950, na haikuwa imewaka tangu vita vya Luweero. Mwenyewe ni mwalimu mstaafu wa hesabu, na gerejini wote wanamwita Mwalimu, hata wanaomzidi umri. Baba yake alikuwa karani wa chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa, akizunguka nayo kutoka kituo kimoja cha kununulia kahawa hadi kingine. Vita vilipopamba moto mwanzoni mwa miaka ya 1980, na kila chombo chenye magurudumu kikawa mali ya aliyeshika bunduki, mzee yule akawaza mbali. Alifungua magneto na kabureta, akavipaka grisi nzito, akavivingirisha katika gunia na kuvifungia ndani ya debe. Pikipiki yenyewe akaiacha uani, mchana kweupe. Wanajeshi waliijaribu, wakaitukana, wakaiacha. Karani alifariki kabla hajairudisha kwenye hali yake, na debe likabaki darini.

Sharti la Mwalimu lilikuwa fupi: irudi alivyoiacha baba.

Sharti hilo ndilo lililonifanya niwe mgeni wa kudumu katika gereji ile, nikikalia kreti la soda na kuwazuia watu njia. Kufanya chombo kitembee ni ustadi mmoja; kukirudisha kilivyokuwa ni ustadi mwingine, na mara nyingi huu wa pili hugombana na ule wa kwanza. Fundi wa kutembeza hutazama kilichopo na kuuliza kitafaa nini. Fundi wa kurudisha hutazama kilichovunjika na kuuliza kilikuwa nini. Bwaise imejaa mabingwa wa aina ya kwanza, watu wanaoweza kuchukua bomba la kitanda na kulifanya egzosi. Nilitaka kuona wakiombwa kufanya kazi ile nyingine.

Mwenye gereji anaitwa Mzee tu. Alikimbilia Nairobi akiwa kijana wakati wa Amin, akashika spana kwa mara ya kwanza Barabara ya Kirinyaga, ambayo watu wa rika lake bado wanaiita Grogan. Ndiyo maana Kiswahili kinatawala gerejini kwake, Kiganda kikingoja bei na matusi. Gereji yenyewe ni mabati juu ya nguzo za mikalitusi, na sakafu yake imeinuliwa kwa matofali. Maji ya mvua kutoka vilima vya Makerere na Mulago huteremkia huku yakielekea kinamasi cha Lubigi, na msimu wa mvua kubwa huwa hayaombi ruhusa ya kupita ndani. Kwa hiyo kila chenye thamani hukaa juu ya usawa wa kiuno. Vipande vya Bantam viliwekwa kwenye mikebe ya Blue Band juu ya rafu ya juu kabisa, kila mkebe ukiwa na karatasi iliyoandikwa kwa mwandiko wa mtu aliyezoea ubao: *kifuniko cha klachi, skrubu fupi mbili, ndefu tatu.*

Ufumuaji ulikwenda polepole kupita kiasi, au ndivyo nilivyoona mwanzoni. Mzee alikuwa na kanuni: bolti ikitoka, kipande kikiondoka, bolti irudishwe kwenye tundu lake lilelile, ikazwe kwa vidole, ndipo mkono uende kwingine. Kijana wake wa mazoezi alichukia kanuni hiyo. Kwenye Boxer bolti zote humwagwa kwenye karai moja la petroli na kichwa ndicho kinachokumbuka. Lakini Boxer ikipoteza bolti, duka liko ng'ambo ya barabara. Hii duka lake lilifungwa zamani. BSA, kampuni iliyoanzishwa Birmingham mwaka 1861 kutengeneza bunduki, ilimezwa na Norton Villiers Triumph mwaka 1973 baada ya kuporomoka.

Ukoo wa injini hii ni hadithi ya kupendeza, na Mwalimu aliisimulia kwa furaha ya mtu anayesahihisha mtihani wa mwanafunzi bora. Mwaka 1939 kampuni ya DKW ya mji wa Zschopau, Ujerumani, ilitoa pikipiki ndogo iitwayo RT 125. Vita Kuu ya Pili ilipokwisha, michoro yake ikachukuliwa na washindi kama fidia. Warusi wakaitoa kwa jina la Moskva M1A. Harley-Davidson ya Marekani ikatoa yake mwaka 1948, na mwaka huohuo BSA ikazindua Bantam, mwanzoni kwa soko la nje tu. Waingereza waliupindua mchoro, kulia kukawa kushoto, ili gia ikae mguu wa kulia kama walivyozoea. Bolti wakazipeleka kwenye inchi. Silinda ikabaki na milimita zake za Kijerumani: upana 52, mwendo wa pistoni 58. Halafu mwaka 1955 kampuni moja ya Japani iliyojulikana kwa piano na vinanda ikaitazama RT ileile na kuunda pikipiki yake ya kwanza. Ile ilikuwa Yamaha YA-1.

Mzee, ambaye ujana wake wote aliutumia kwenye Yamaha za mabwana shamba na maafisa wa afya, alicheka mpaka akaweka spana chini. "Kumbe miaka yote ile nilikuwa natibu watoto," alisema. "Leo nimeletewa shangazi yao."

Na kweli, bila zile Yamaha, nazo za mipigo miwili, kazi hii isingewezekana hapa. Injini ya Bajaj ina vali, na oili yake hukaa tumboni. Bantam ni ya mipigo miwili na haina vali hata moja; pistoni yenyewe ndiyo mlango. Ikipanda na kushuka inafunika na kufunua matundu ya ukuta wa silinda. Petroli iliyochanganywa na oili huingia kwanza chini, kwenye chumba cha krenki, inabanwa huko, ndipo ipande juu kuungua. Chumba hicho kikivuja hewa hata kwa tundu la sindano, injini inakosa nguvu, na fundi aliyekulia kwenye Boxer atabadilisha plagi na kabureta mpaka pesa za mteja ziishe bila kuuona ugonjwa. Vijana wengi wa Bwaise hawajawahi kufungua injini ya namna hii. Hapa elimu yake imebaki mikononi mwa wazee wachache.

Pistoni ilikuwa imegandamana na silinda. Miongo ya unyevu ilikuwa imeunganisha chuma na ringi kwa kutu, na hapo ndipo nilipoanza kuelewa mwendo wa Mzee. Aliondoa kichwa cha silinda, akamimina dizeli iliyochanganywa na breki fluidi, akafunika kwa kitambaa, akaenda kutengeneza boda za watu. Kesho yake aliongeza kidogo. Keshokutwa vilevile. Kila asubuhi aligusa uso wa ule mchanganyiko kwa kidole kuona kama umeshuka, kwa sababu ukishuka maana yake unapata njia kati ya ringi na ukuta. Kijana alileta nyundo mara mbili na mara mbili akarudishwa nayo. Hatimaye Mzee alikwenda kwa maseremala wa jirani, ambao Bwaise haina upungufu wao, akaomba kipande cha mvule. Kikakerezwa kiwe cha mviringo, chembamba kuliko silinda kwa unene wa karatasi. Silinda ikapashwa moto kwenye jiko la mkaa, taratibu, ikigeuzwa upande kwa upande, maana chuma kikipanuka upande mmoja tu hupasuka. Kisha akagonga. Sauti ya kwanza ilikuwa butu, na ya pili vilevile. Ya tatu ilikuwa tofauti kidogo, na Mzee akasimamisha mkono hewani kabla mimi sijatambua chochote. "Imesema," alisema, akarudisha silinda jikoni.

Pistoni ilitoka ikiwa nzima, ingawa haikufaa tena. Mzee alivunja ringi ya zamani na kutumia ncha yake kukwangua kaboni kwenye mifereji ya pistoni, kwa sababu hakuna kifaa kinachoingia kwenye mfereji wa ringi sawasawa kama ringi yenyewe. Alikuwa akisafisha kitu kitakachotupwa. Nilipomuuliza kwa nini, alinionyesha kijiti kidogo cha chuma ndani ya mfereji, kinachozuia ringi isizunguke ili ncha zake zisinase kwenye matundu ya silinda. Alitaka kijana akione kwa macho yake, mahali ambapo kosa halina gharama.

Pistoni mpya, ringi na sili za krenki zilitoka Leicester. Rafiki wa Mwalimu wa tangu shuleni alikuwa miongoni mwa Waasia waliofukuzwa na Amin mwaka 1972. Familia yake ilitua katika mji ambao halmashauri yake ilikuwa imetoa tangazo katika gazeti la Uganda Argus kuwaomba wasije. Walikwenda hata hivyo. Nusu karne baadaye rafiki huyo aliendesha mwendo wa saa moja hivi hadi Birmingham kumnunulia Mwalimu vipuri vya pikipiki ambayo aliwahi kupakiwa juu ya tangi lake akiwa mtoto. Mzigo ulikuja ndani ya sanduku la mgeni wa harusi, umefungwa katikati ya soksi.

Utaratibu wa kuchonga silinda ni pistoni kwanza, silinda baadaye. Unaipima pistoni uliyoipata, kisha unaichonga silinda iifuate, ukiacha nafasi ndogo ya chuma kupanuka kwa joto. Kazi hiyo ilipelekwa Katwe, kwenye mashine kubwa, na ilirudi imeng'aa. Mzee hakuridhika. Alipitisha kidole ndani, akatikisa kichwa, akachukua jiwe dogo la kunolea na kuketi nalo mchana kutwa akilainisha kingo za matundu. Mashine inapochonga silinda ya mipigo miwili huacha kila tundu na ukingo mkali, na ringi ikipita pale kwa kasi hujikwaa na kukatika. Fundi wa mashine anayechonga silinda za Toyota hana sababu ya kulijua hilo. Kama kuna kazi moja katika mradi huu wote ambayo ningeipa tuzo, ni ule mchana wa jiwe na kidole, na hakuna atakayeiona kamwe, kwa sababu ikifungwa imefungwa.

Lakini kilichokula muda kuliko injini ni bolti. Kampala nzima hufungwa kwa milimita. Bolti ya milimita 8 na bolti ya Bantam ya inchi 5/16 zinatofautiana unene kwa sehemu sita za mia za milimita, tofauti ambayo jicho halioni. Nati ya milimita 8 huingia mzunguko mmoja kwa raha, wa pili inakaza, na kijana mwenye nguvu akiongeza mkono, hesi za miaka sabini zinanyolewa. Tatizo ni nafasi kati ya hesi na hesi. Ya milimita ina milimita moja na robo. Ya Bantam ina hesi 26 ndani ya inchi moja, yaani pungufu ya milimita moja. Mwalimu alichora haya kwa chaki kwenye mlango wa bati. Kuyajua hakukuleta nati hata moja. Kisekka, soko la vipuri la katikati ya jiji, walimcheka. Hajji wa kerezo, karakana ya tatu kutoka gereji ya Mzee, alikuwa tayari kukereza zote, lakini kila moja kwa bei na kwa siku yake.

Aliyelikata fundo ni Ssalongo, fundi baiskeli anayekaa chini ya mwavuli kando ya barabara. Waganda humheshimu baba wa mapacha kwa jina hilo na huyu hatumii jingine. Alikuja kuomba jiriwa. Akaona bolti juu ya meza, akaiokota, akaipitisha ukucha kwenye hesi, akaenda zake bila kusema kitu. Alirudi na kopo la misumari na nati. Akachagua nati ya ekseli ya mbele ya baiskeli aina ya Hero, akaizungusha kwa vidole viwili. Ikaenda mpaka mwisho, laini.

Baadaye Mwalimu alieleza sababu, ingawa sababu ilikuwa imeshafungwa kwenye bolti. BSA ilitengeneza baiskeli kabla ya pikipiki. Mwaka 1902 wahandisi wa baiskeli wa Uingereza walikubaliana kiwango kimoja cha hesi, 26 kwa inchi katika vipimo vingi, na viwanda vya pikipiki vikakirithi. Baiskeli za Kiingereza zikaenda India, India ikajenga viwanda vyake kwa vipimo vilevile, na baiskeli za India, Hero miongoni mwao, zikaja kubeba matoke na mitungi ya maji ya Uganda. Ekseli ya mbele inchi 5/16, ya nyuma inchi 3/8. Pikipiki mpya kabisa za Kampala hazina hata skrubu moja ya kumpa Bantam, ila kopo la Ssalongo lilikuwa na nusu ya zote alizohitaji. Nimewasikia watu wa warsha kubwa wakiwadharau mafundi baiskeli. Sijawahi kuielewa dharau hiyo, na tangu siku ile siivumilii.

Kuanzia hapo Ssalongo akawa mtu wa nyumbani. Ndiye aliyefuma spoki za magurudumu yote mawili, akiwa amegeuza uma wa baiskeli juu chini ukawa stendi yake, akishika kipande cha chaki karibu na rimu izungukayo ili penye tumbo pajichore penyewe. Penye chaki analegeza spoki za upande huo na kukaza za upande wa pili, robo mzunguko, si zaidi. Mwishoni huacha kutazama. Hufumba macho na kudonoa spoki moja moja kwa ukucha, na iliyolegea hutoa sauti ya chini kuliko wenzake. Kelele za malori ya Bombo zilikuwa zikipita mita chache kutoka hapo, naye alikuwa akisikiliza.

Klachi ilikuwa na mchezo wake. Sahani za klachi ya D1 zimejazwa vizibo vya magome, kitu kilekile kinachoziba chupa za mvinyo, na vya Mwalimu vilikuwa vimegeuka unga. Pia huwezi kuifungua klachi hiyo bila kifaa maalumu cha kubana springi zake. Hajji alikitengeneza kwa bamba la chuma na bolti moja ndefu, mchana mmoja, akampa kijana akiweke. Vizibo vilitoka Kololo. Mpwa wa Mzee anahudumia mezani katika hoteli moja huko, akaanza kuvikusanya kwenye mfuko wa aproni, wenzake wakidhani amekuwa mlevi. Hajji alivikata vipande, akavichemsha vilainike, akavishindilia kwenye matundu ya sahani vikiwa bado vya moto, akaacha vikauke na kuvimba ndani. Kisha akalaza msasa juu ya kioo cha dirisha, uso ulionyooka kuliko meza yoyote ya Bwaise, akasugua sahani juu yake kwa mizunguko midogo mpaka vizibo vyote vikawa usawa mmoja. Alikuwa akipulizia vumbi na kuitazama sahani dhidi ya mwanga. Akipata mwanya, anarudi kwenye msasa. Hajji ni mtu wa maneno mengi. Siku hiyo hakuzungumza.

Beringi zilikuwa rahisi kuliko zote, na nataka kulisema hilo kwa sababu wengi huziogopa. Beringi ina namba pembeni, na namba hiyo ni lugha ya dunia nzima. Kuanzia 04 kwenda juu, tarakimu mbili za mwisho ukizizidisha kwa tano unapata kipenyo cha tundu kwa milimita: 6204 ni milimita 20, 6205 ni 25. Mwenye duka la Kisekka aliyemcheka Mwalimu kwa nati alisoma namba za beringi zake kuukuu, akanyoosha mkono nyuma yake bila kugeuka.

Debe la karani lilifunguliwa mwishoni. Grisi ilikuwa imekuwa ngumu na nyeusi, na chini yake magneto ilikuwa na mng'ao uliowanyamazisha wote. Mzee aliisafisha kwa brashi ya meno. Ili kujua cheche inatoka wakati gani hasa, alibana karatasi nyembamba ya sigara kati ya ile midomo miwili ya chuma inayofunguka na kufunga, akazungusha injini kwa mkono huku akiivuta karatasi kidogo. Pale karatasi inapoachiwa, ndipo midomo inapofunguka, ndipo cheche inaporuka. Kuna taa na mashine za kufanya kazi hiyo. Karatasi ya sigara haihitaji umeme, na Bwaise jambo hilo lina uzito wake. Gasketi alizitengeneza kwa mtindo uleule: alilaza karatasi ya gasketi juu ya kifuniko na kugonga pembeni kwa nyundo ndogo yenye kichwa cha duara, taratibu, hadi ukingo wa aluminiamu wenyewe ukakata umbo lake.

Rangi sitaisimulia sana. Ilipulizwa mapema asubuhi kabla vumbi halijaamka, kijani hafifu kilichokorogwa kwa kulinganisha na upande wa ndani wa kifuniko cha boksi la vifaa, mahali ambapo jua halikuwahi kufika. Kiti kilishonwa upya Kalerwe. Jogoo mdogo, alama ya Bantam, alichorwa kwa mkono na mchoraji wa mabango ya saluni, ambaye alimpa upanga mkubwa kidogo kuliko wa Birmingham na macho ya ugomvi. Mkenya mmoja anayeuza matairi jirani akauliza kama KANU, chama cha jogoo, imefungua tawi Bwaise. Mwalimu aliyedai kila kitu kirudi kilivyokuwa alimtazama jogoo huyo kwa muda mrefu, akamwacha. Kromu ya zamani nayo aliiacha na madoa yake, na hapo nilimuunga mkono. Chombo kilichofanya kazi kisilazimishwe kuonekana kama hakijawahi kutoka dukani.

Malipo yalikuwa hesabu ngumu kuliko zile za hesi. Mzee alitoza siku zake za kufumua na kufunga, akakataa kutoza siku za kungoja dizeli. Hajji hakutaka pesa. Binti yake yuko darasa la saba, anakaribia mtihani wa PLE, na Mwalimu amekuwa akifika kwake jioni na chaki zake. Sehemu na uwiano zinaelekea kumwingia. Ssalongo alitaka bei ya nati, bei ya spoki, na kupakiwa mpaka Kawempe na kurudi, polepole, mchana, watu wakiona. Mpwa wa Kololo alitaka tu wenzake waelezwe zile habari za vizibo.

Ilitoka Jumapili asubuhi, Barabara ya Bombo ikiwa na nafasi. Lita tano za petroli, robo lita ya oili, zikatikiswa ndani ya mtungi. Mzee alibonyeza kile kidude cha juu ya kabureta mpaka petroli ikachuruzika, akapiga kiki mara kadhaa, ikakohoa, ikanyamaza, kisha ikashika. Moshi wa buluu ulijaa chini ya mabati. Vijana wa stendi walikuja mbio wakipiga kelele kwamba injini inaunguza oili, na Mzee alikuwa na raha isiyofichika ya kuwaambia kuwa hivyo ndivyo inavyotakiwa. Mwalimu aliendesha kwanza, wima kama yuko gwaride, hadi mzunguko wa Bypass na kurudi. Kisha akampa kijana wa mazoezi.

Kijana alipofika karibu na kibanda cha rolex, ile chapati inayoviringishwa na mayai, alikanyaga breki kwa mguu wa kulia, kama anavyofanya kila siku ya maisha yake. Kwenye Bantam mguu wa kulia ni gia. Pikipiki ilibadilisha mlio na kuendelea na safari yake, na mwenye rolex aliinua kikaango juu kama ngao. Breki ya mkono iliokoa mayai. Tulinunua rolex pale kwa wote, ilikuwa haki yake.

Mwalimu alikuwa anatafuna bado aliposema, kwa sauti ya kupita, kwamba gia ya pili imeruka mara mbili akipanda kile kilima kidogo. Si kitu, alisema, ukiishikilia kwa mguu inakaa. Pikipiki inatembea. Inatosha.

Mzee, aliyekuwa wa kwanza kabisa kupendekeza injini ya Bajaj, aliacha kula. "Mwalimu, uliniambia irudi alivyoiacha baba. Baba yako alikuwa anashikilia gia kwa mguu?"

"Mzee, tumekaa nayo muda mrefu."

"Nimekuuliza swali, ssebo."

Kijana alikuwa ameshaanza kushusha mikebe.